Hofu ya Nje na Hofu ya Ndani

Mto Ruvu, ambao watu wa pwani huuita Pangani, huanza katika maji yashukayo kutoka Kilimanjaro na Meru, hupita nyika kavu chini ya milima ya Upare na Usambara, hata ukafika Korogwe. Mtu apitaye Korogwe leo huona mji kama miji mingine: barabara kuu, reli, soko, makanisa na misikiti, na nyumba zilizoenea pande zote bila kujificha. Hawezi kudhani ya kuwa zamani watu wa mahali hapo hawakujenga ukingoni mwa mto, bali katikati yake. Wasafiri wa karne ya 19 waliiona Korogwe ikiwa kijiji kilichosimama juu ya kisiwa, na vijiji vingine vya Ruvu, kama Maurui, vilikuwa vivyo hivyo. Mashamba yalikuwa ng'ambo. Kulipokucha watu walivuka kwenda kulima, na jua lilipotua walirudi kisiwani. Mto ulikuwa na mamba, tena ulifurika wakati wa masika. Walakini watu waliona heri kulala kati ya mamba kuliko kulala nchi kavu.

Waliwaogopa wanadamu wenzao kuliko mamba. Wamasai walishuka kutoka nyikani kuteka ng'ombe. Baada ya Kimweri, mfalme wa Vuga, kufa mwaka 1862, wana na wajukuu wake walipigana wenyewe kwa wenyewe, na kila upande uliwauza mateka wake ili kununua bunduki na baruti. Njia ya kwenda pwani ilijaa watu waliofungwa shingoni. Katika Uzigua, upande wa Handeni, ambako hakuna mto mkubwa wa kuwakinga watu, vijiji vilifichwa ndani ya vichaka vizito na kuzungushiwa boma la miti, na mlango wake ulikuwa mwembamba, watu wapite mmoja mmoja. Wazigua wenyewe walikuwa wamekwisha kuonja uchungu huo. Katika miaka ya 1830 njaa ilipowashika, wengi wao walichukuliwa kwa majahazi hata nchi ya Wasomali, wakawa watumwa katika mashamba ya kule. Wajukuu wao waliokimbilia bonde la mto Juba waliihifadhi lugha ya Kizigua zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Na vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, baadhi yao walirudi Handeni, nchi ya babu zao, wakapewa makao mahali paitwapo Chogo, na baadaye uraia wa Tanzania.

Basi hofu ya watu wale haikuwa ndoto. Ilikuwa na sababu yenye miguu na bunduki. Nimeanza na habari hizi kwa makusudi, kwa maana watu wengi wanapofundisha juu ya hofu husema kana kwamba kila aogopaye ni mjinga, au ni mtu asiye na imani. Hayo si kweli, na ni vibaya kumwambia mtoto hivyo.

Lugha yetu yajua kutofautisha mambo haya kuliko wasemaji wake. Yako maneno manne ambayo huchanganywa. La kwanza ni woga, nayo ni tabia ya mtu: mwoga huogopa leo, huogopa kesho, huogopa hata kivuli chake. La pili ni hofu, nayo humpata kila mtu, shujaa na mwoga pia, hatari inapokaribia au inapodhaniwa kuwa karibu. La tatu ni kicho, yaani heshima kubwa ichanganyikayo na kutetemeka, na ndiyo maana twasema mcha Mungu wala hatusemi mwoga wa Mungu. La nne ni wasiwasi. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni kunong'ona. Mwenye wasiwasi ni kama mtu anong'onezwaye sikioni usiku kucha na mtu asiyeonekana: Utashindwa. Wanakucheka. Mtoto wako atakufa. Hutapona. Hakuna anayekupenda. Naona waliochagua neno hilo walijua sana habari za moyo wa mwanadamu.

Hofu yenyewe, kama ilivyoumbwa, ni mlinzi. Mtu akikutana na chui njiani, moyo humwenda mbio, pumzi huongezeka, kinywa hukauka, damu hukimbilia miguuni na mikononi, na tumbo huacha kazi yake. Mwili wote hujitayarisha kukimbia au kupigana. Asiyeogopa hata kidogo hafiki uzee. Wazee wetu walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nao hawakusema hivyo kuwasifu waoga, bali kuwaonya vijana wanaojitupa mtoni ili waonekane wanaume. Lakini sikilizeni neno hili. Chui akiisha kupita, mwili hupoa. Kama chui yumo katika mawazo tu, hapiti. Mwili hukaa tayari kukimbia, na hakuna pa kukimbilia. Moyo hudunda, usingizi hupotea, chakula hakina ladha, na mtu huchoka kana kwamba amelima tangu alfajiri, ingawa amekaa kitako. Ndiyo kusema ya kwamba wasiwasi ni hofu iliyokosa adui wa kumkimbia.

Sasa tuone hofu ya nje ilikwishaje. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano na Waingereza, akapiga marufuku biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari na kulifunga soko lao la Unguja. Siku ya Noeli mwaka huo huo misheni ya UMCA iliweka jiwe la msingi la kanisa kuu mahali pale pale palipokuwa na soko. Biashara haikufa siku moja. Ilijificha, ikaendelea kwa siri miaka mingi. Baadaye Wadachi waliitwaa nchi kwa vita, na mwaka 1902 reli kutoka Tanga ilifika Korogwe. Polepole watu waliacha visiwa, wakajenga nchi kavu. Sharti tuseme kweli: si mahubiri peke yake yaliyowatoa watu kisiwani. Waliondoka kwa kuwa mtekaji alikuwa hapatikani tena njiani. Tena hao Wadachi walileta hofu zao wenyewe, kodi na kiboko. Hofu ya nje huondoka sababu yake ikiondoka, na mtu mwenye njaa humwondolea hofu yake yule ampaye chakula kuliko yule ampaye hotuba.

Hata hivyo wako waliotoka kabla hatari haijakwisha, na hao ndio wa kuwatazama. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864, alipewa na Sultani Majid watoto watano wa kiume waliokuwa wametolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao aliitwa John Swedi. Mwaka 1879 akawa shemasi, akatumika barani. Fikirini maana yake. Huyu ni mtu aliyekwisha kutekwa mara moja. Unguja alikuwa salama ndani ya nyumba ya misheni. Naye akavuka bahari kurudi katika bara lile lile ambako watu walikuwa bado wakitekwa na kuuzwa. Sidhani kwamba hakuogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, seuze akirudi penye nyoka wenyewe.

Lakini iko hofu ambayo haikushuka kisiwani pamoja na watu. Reli ilipofika, ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani, nayo haikuhitaji mtekaji wala bunduki.

Katika Uzigua, Bonde, Usambara na pwani yote, mtoto alitazamwa sana siku zile meno yake yalipoanza kuchomoza. Watoto wengi huota meno ya chini kwanza, karibu na mwezi wa 6. Wachache huota ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na watu waliamini ya kuwa akiachwa kuishi, ataleta mauti katika ukoo: kila jino litakuwa na mtu wake. Kwa hiyo aliuawa, au alitupwa mwituni, au alipewa watu wa mbali wasiomjua. Wala waliofanya hivyo hawakuwa wakatili kuliko sisi. Mama alilia, na baba alikaa kimya siku nyingi. Walifanya kwa sababu waliogopa, na kwa sababu waliwapenda watoto wengine waliobaki.

Angalieni jinsi hofu hii ilivyojilisha yenyewe. Kigego akiachwa, na babu yake mzee akafa baada ya mwaka mmoja, watu walisema, Mmeona? Kigego akiuawa, na babu yule yule akafa, hakuna aliyesema kitu, kwa maana wazee hufa. Ikatokea homa ikaua watu watatu katika kijiji kisichokuwa na kigego hata mmoja, watu walimtafuta mchawi. Kwa hiyo hapakuwa na jambo lolote ambalo lingeweza kuonyesha ya kuwa imani hiyo ni uongo. Kila mauti ilikuwa ushahidi upande mmoja tu. Hivyo ndivyo yalivyo mawazo mabaya yote, hata yale madogo ya darasani. Mwanafunzi aliyekwisha kujiambia kwamba hana akili, akikosa hesabu husema, Nilijua. Na akipata husema, Nimebahatisha. Ameweka mahakama moyoni mwake ambayo haimsikilizi shahidi wa upande wa pili.

Ni nini kilichoivunja hofu ya kigego? Elimu ya meno isingetosha, nayo haikuwapo siku zile. Misheni ya UMCA ilikuwa Magila, ambako sasa huitwa Msalabani, tangu mwaka 1868. Baadaye ikaenea hata Korogwe, na Handeni ikajenga Kideleko na Kwa Mkono. Walutheri nao walikuwa katika milima ya Usambara. Katika misheni hizo watoto waliokataliwa walipokewa, wakapewa maziwa, wakabatizwa, wakapewa majina kama watoto wengine. Ubatizo ule haukuwa jambo dogo. Mbele ya kusanyiko mtu mzima alimshika mikononi mtoto ambaye mikono yote ilimwogopa, akasema kwa vitendo: mauti haimo katika kinywa cha mtoto huyu. Baada ya hapo ilibaki kazi moja tu, nayo ni kungoja. Mtoto akakua. Akacheza, akapigana na wenzake, akaenda shule, akaoa, akazaa. Waliomlea hawakufa kabla ya siku zao. Kigego mwenye mvi, aliyeketi barazani akicheka pamoja na wajukuu wake, alikuwa mahubiri yasiyoweza kujibiwa.

Walimu wa kwanza wa Kikristo, wengi wao watu wa Bonde na Uzigua wenyewe, hawakupoteza siku zao kubishana kama uchawi upo au haupo. Walifundisha ya kuwa Kristo ana nguvu kuliko kitu chochote ambacho mtu aweza kukiogopa, kisha wakakaa kama watu wanaoamini hivyo: wakalima penye miti iliyosemwa ina mizimu, wakazika wafu wao bila kumtafuta aliyewaroga, wakawapokea wajane waliosingiziwa. Imani haikuwa maneno ya kujisemea ili moyo utulie. Ilikuwa kufanya tendo ambalo hofu ilikataza, na kulifanya mbele ya watu, tena na tena, hata hofu ikakosa la kusema.

Tusidhani kwamba jambo hili limekwisha. Hofu ya kigego imepungua sana, lakini hofu yenyewe ni kama maji, ukiziba hapa hutokea pale. Katika nchi yetu ya Tanzania vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa mafiga ya miaka hamsini. Baada ya mwaka 2006 watu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo, hasa katika nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria, kwa sababu waganga waliwaahidi wenye tamaa utajiri. Tena siku hizi wako watu wavaao mavazi ya dini wanaofanya biashara ya hofu. Humwambia mtu kwanza kwamba amefungwa, amelaaniwa, ametupiwa kitu na shangazi yake. Akiisha kutetemeka, humwuzia mafuta au maji ya kumfungua. Mwajua kipimo cha kumtambua mtu wa namna hiyo? Ukitoka kwake, watu uwaogopao wameongezeka kuliko ulipoingia.

Kama twataka kujua jinsi Mungu amtendeavyo mtu aliyeshindwa na hofu, habari iliyo wazi kuliko zote ni ile ya nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya hakuwa mtu dhaifu. Alikuwa ametoka kuwashinda manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli. Kisha malkia Yezebeli akamtumia ujumbe mmoja tu wa kutisha, na mtu yule akakimbia, akamwacha mtumishi wake nyuma, akaingia jangwani peke yake, akalala chini ya mti, akaomba afe. Yawezekana ninyi mngedhani ya kuwa malaika atakuja kumkemea. Hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula kingine, akasema kwamba safari ni kubwa kwake.

Baada ya kula na kulala, hapo ndipo alipoulizwa swali: unafanya nini hapa? Akajibu maneno ambayo kila mwenye wasiwasi huyasema kwa namna yake, kwamba yeye amebaki peke yake, na hata yeye watu wanataka kumwua. Mungu hakumwambia kuwa hakuna hatari. Yezebeli alikuwa bado hai, na hasira yake ilikuwa bado ileile. Alifanya mambo mawili. Alimpa kazi, arudi njia aliyoijia, akawatie mafuta watu watatu aliowataja kwa majina. Tena akamsahihisha hesabu yake: hayuko peke yake, wako watu 7,000 katika Israeli wasiompigia Baali magoti. Kutoka mmoja hata 7,000! Eliya alikuwa amekosa kwa hesabu kubwa kama ile, na alikuwa na hakika kabisa.

Chakula, usingizi, swali la upole, kazi, na hesabu iliyo kweli. Mambo haya si makubwa kwa kuyatazama. Lakini iko nyumba moja katika wilaya ya Korogwe ambayo imesimama juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nyumba hiyo ni Lutindi. Iko juu milimani, mahali penye baridi na ukungu, nao waliijenga Wadachi wa Kilutheri katika miaka ya 1890 ili kuwalea watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Watoto wa namna hiyo walipopungua, nyumba iligeuzwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hutajwa kuwa ya kwanza ya namna yake Afrika Mashariki. Walioanza kazi hiyo walitoka Betheli, karibu na mji wa Bielefeld. Huko mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliwakusanya wenye kifafa na wengine waliofichwa na jamaa zao, akawapa makao, na kila mmoja kazi kwa kadiri ya nguvu zake. Aliona ya kuwa mtu asiyetakiwa mahali popote huugua mara mbili.

Mpaka leo Lutindi ni hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Iwapo mtu ataka kujua kama jambo hili lina maana, na afikiri wagonjwa hao walikuwa wapi kabla ya hapo. Wako waliofungwa kwa kamba au kwa gogo nyuma ya nyumba. Wako waliopelekwa kwa mganga huyu na huyu, wakapigwa ili pepo atoke. Jamaa zao waliwaogopa, nao waliwaogopa jamaa zao. Lutindi hupewa dawa, maana ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama malaria; tena hupewa jembe. Hulima mboga, huchuma chai, hufanya kazi za mikono, husali asubuhi pamoja na wale wanaowatunza. Mgonjwa aliyezoea kusikia kwamba yeye ni laana ya ukoo, hukuta jioni ya kwamba chai inywewayo mezani aliichuma yeye.

Hapa nataka kusema neno moja kwa uwazi, kwa sababu watu wengi wamepotea. Mtu asiyelala siku nyingi, asikiaye sauti ambazo wengine hawazisikii, au ambaye wazo la kujiua halimtoki, asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Apelekwe hospitali, kama tumpelekavyo aliyevunjika mguu, na maombi yaende pamoja naye njiani. Eliya alipewa mkate kabla ya kupewa neno. Wala msimwache aende peke yake, hata akisema anataka.

Wala imani haimwahidi mtu kwamba lile aliogopalo halitampata. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, Wadachi waliwashuku walimu na mapadre Waafrika wa UMCA, wakisema ya kuwa ni rafiki wa Waingereza. Waliwakamata katika Bonde, Korogwe na Uzigua, wakawafunga, wakawapeleka bara mbali, wengine hata Tabora, na huko waliteswa. Hawa walikuwa ndio wale wale waliowafundisha wengine wasiogope. Majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe na Handeni mwezi wa Juni 1916, na Wabelgiji wakaitwaa Tabora mwezi wa Septemba. Wafungwa wakafunguliwa. Walirudi kwao kwa safari ndefu, wakakuta shule zimefungwa na watoto wametawanyika, wakazifungua tena. Mtume Paulo alipowaandikia Wafilipi wasijisumbue kwa neno lolote, bali wamwombe Mungu na kushukuru, aliandika akiwa kifungoni. Na walimu wa Korogwe na Handeni waliporudi kuisoma barua hiyo mbele ya watoto, hapakuwa na haja ya kueleza sana.

Basi mwanafunzi wa leo afanye nini? Wengi wenu hamwogopi mtekaji wala Mmasai. Mwaogopa mtihani, mwaogopa kuchekwa, mwaogopa kwamba baba atakosa ada, mwaogopa ugonjwa wa mama. Wazo likija usiku, liulizeni kama hakimu amwulizavyo shahidi: Umeliona jambo hili, au umenong'onezwa? Kama ni jambo la kweli, liko la kufanya kesho asubuhi, hata kama ni dogo, liandikeni, mkalale. Kama ni mnong'ono, mwambieni Mungu kwa maneno yenu wenyewe, bila mapambo, tena mwambieni na mtu mmoja mnayemwamini. Hofu iliyosemwa kwa sauti hupungua kimo. Ndiyo maana wasiwasi hupenda usiku na hupenda mtu aliye peke yake, kama ulivyompenda Eliya.

Wala msingojee hofu iondoke kwanza ndipo mfanye kazi. Katika jambo hili wakulima wa Handeni wana elimu kubwa kuliko vitabu vingi. Nchi yao ni kavu, na mvua zake zina hila. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, au haiji. Masika huja kati ya Machi na Mei, au huja wiki mbili kisha hukatika, mahindi yakiwa yamefika magotini. Miaka ya 1894 hata 1896 nzige na ukame viliwaangamiza watu wengi katika nchi ile, na njaa nyingine zimekuja baadaye. Kwa hiyo mkulima wa Handeni asemapo kwamba anaogopa mvua haitanyesha, hakunong'onezwa; ameyaona. Mhubiri katika Agano la Kale amemtaja mtu wa namna hii, atazamaye upepo na mawingu hata msimu ukapita naye hajapanda kitu. Mtu huyo hujiletea mwenyewe njaa anayoiogopa, hata katika mwaka wa mvua njema.

Mkulima mwenye imani na akili pamoja huamka mawingu yanapoanza kukusanyika upande wa bahari, huenda shambani na jamaa yake, huomba, kisha hupanda katika udongo ulio mkavu bado. Walakini hapandi mbegu zote. Huzigawa mafungu mawili. Fungu moja huingia ardhini siku ile, na moyo wake ukiwa unadunda. La pili hukaa nyumbani juu ya uchaga, penye moshi wa jiko, zisitobolewe na wadudu. Ili mvua ya kwanza ikidanganya, apande tena.